Gitaa la kuteleza: mtoto aanze na G ya wazi, au ni njia ya wavivu?

Mjomba wa Makorora
Waungwana, amueni. Mpwa wangu ana miaka 14 na galatoni la kurithi, gitaa kavu lisilo la umeme. Shingo imepinda, nyuzi ziko juu mno, kubonyeza F ni adhabu. Nikamtyunia G ya wazi, yaani ukipiga nyuzi zote bila kubonyeza zinatoa G yenyewe: uzi wa sita, wa tano na wa kwanza nimeushusha kila mmoja toni moja, ikawa D G D G B D. Nikampa kipande cha bomba la chuma avae kidole cha mwisho, aliteleze juu ya nyuzi badala ya kubonyeza. Bomba likiwa mbali na nyuzi ni G, kwenye freti (vile vyuma vya shingoni) ya 5 ni C, ya 7 ni D, ya 12 unarudi G. Siku ya tatu anapiga wimbo! Sasa tunataka kufungua darasa la jioni mtaani. Wazee nusu wanasema watoto wote waanze hivi, nusu wanasema tutawaharibu. Mnasemaje?

Solo_Chumbageni
Mtawaharibu. Mtoto ajue kwanza tyuni ya kawaida, E A D G B E, ajue kodi, zile sauti zinazopigwa pamoja (siyo zile za TRA), mbwembwe baadaye. Huyo wenu siku akiitwa kwenye bendi ataomba dakika tano atyuni upya, wenzake wako ubeti wa pili. Njia ya wavivu hiyo. Tena Tanga siyo Mississippi ya Marekani, mambo ya mabomba vidoleni hatujawahi kuwa nayo.

Binti Pangani
Mvivu nani? Bomba linakaa juu ya chuma chenyewe cha freti, siyo nyuma yake kama kidole. Ukikosea unene wa njiti ya kiberiti, jirani anajua. Vidole vingine vinalala nyuma ya bomba kuzima makelele, mkono wa kulia unazima nyuzi usizozitaka. Wewe ukibonyeza, freti inakunyooshea sauti. Mie freti yangu ni sikio.

Solo_Chumbageni
Dada, sikukutaja. Nilirusha jiwe gizani tu.

Binti Pangani
Basi limerudi.

Kibarua wa Mkonge
Mie kilichonichoma ni hilo la "hatujawahi kuwa nayo". Lile gitaa linalolia kama mtu anabembelezwa kwenye picha za Kihindi unadhani ni nini? Ni gitaa la Hawaii, linalazwa mapajani, linapigwa kwa kipande cha chuma. Van Shipley kalipiga miaka na miaka huko Bombay. Na taarabu yetu imeazima tuni ngapi za filamu za Kihindi? Sikio la Tanga lilizoea mlio huo kabla baba yako hajanunua redio.

Solo_Chumbageni
Baba yangu kafikaje hapa?

Ngalawa_Bagamoyo
Mnahangaika na Wahindi wakati jirani wanayo. Wazee wa Kenya magharibi walipiga gitaa kwa chupa ya Fanta. Na hiyo taarabu ya Tanga msiilete sana, taarabu ni ala za udi, kanuni na fidla. Yenu ni dansi iliyovaa kanzu.

Mzee Barabara ya 12
Kijana, salamu kwanza. Vikundi vya hapa Tanga, Black Star na Lucky Star, walipoingiza gitaa la umeme na besi kwenye taarabu, watu walitoka mbali kuja kuwasikiliza. Mji huohuo ulikuwa na bendi za dansi, Jamhuri Jazz na Atomic Jazz. Mpiga gitaa wa Tanga alikuwa na shule mbili mtaa mmoja. Kanzu gani unaisema?

Na hiyo Fanta umesikia nusu. Chupa ilikwaruzwa mgongoni kwa kipande cha chuma ili kutoa mdundo, aliikwaruza mtu mwingine kabisa pembeni. Haikugusa uzi.

Ngalawa_Bagamoyo
Shikamoo mzee. Ya chupa nimekubali. Ya kanzu bado. Sisi tuna Chuo cha Sanaa tangu 1981.

Mzee Barabara ya 12
Marahaba. Chuo mnacho, sikatai. Lakini mie nazungumzia nyuzi, wewe unanionyesha majengo.

Kibarua wa Mkonge
😂 Waja leo waondoka leo!

Fundi Redio
Kwani kwa nini asitumie E ya wazi? Inang'aa zaidi.

Binti Pangani
Kwa sababu E ya wazi unakaza nyuzi tatu. Galatoni lenye shingo iliyopinda? Utamletea mtoto kuni. Kama anaitaka sauti hiyo, D ya wazi, D A D F♯ A D. Umbo ni lilelile, ila unalegeza.

Na kwa huyo wa udi na kanuni: udi hauna freti, fidla haina freti. Zile sauti za katikati zinazofanya taarabu ilie, gitaa la kubonyeza linazikosa. Bomba linazifikia. Sasa nani yuko karibu na udi?

Solo_Chumbageni
Sawa, lakini G ya wazi imejaa furaha. Nyimbo zetu nusu ni za kilio. Utafanyaje?

Binti Pangani
Shusha uzi wa pili nusu toni, B iwe B♭. Unalia mpaka asubuhi.

Solo_Chumbageni
...Bomba la ukubwa gani?

Ngalawa_Bagamoyo
HAHAHA mvivu kapatikana.

Solo_Chumbageni
Nauliza kwa niaba ya rafiki. Na nyinyi na "taarabu halisi" yenu...

Mjomba wa Makorora
Niliuliza darasa. Nimepata baba wa mtu, Fanta na majengo ya Bagamoyo. Nilimsimulia mpwa kwamba mwaka 1903 mwanamuziki wa Marekani W. C. Handy alimkuta mtu stesheni ya treni huko Mississippi anabana nyuzi kwa kisu. Sasa bomba kaliacha. Bibi yake anatafuta kisu tangu saa nne, na samaki changu wako kwenye beseni hawajaparwa.