Mjadala: Je, pesa taslimu ziondolewe kabisa kwenye mabasi na treni?

MTOA MADA: Mimi napinga. Wanaotaka kadi na simu pekee wanasema vifaa hivi vimekuja kumrahisishia abiria. Ukifuatilia vilikotoka, abiria alifikiriwa mwisho.

Zamani kwenye reli za Uingereza karani aliandika tiketi kwa mkono, na nani angejua kauza ngapi? Miaka ya 1830 Thomas Edmondson, wa reli ya Newcastle na Carlisle, akaleta vikadi vigumu vyenye namba za mfululizo. Jioni unatazama namba imefika wapi, karani alete pesa. Kisha kikaja kitoboleo cha kengele. Kampuni ya Bell Punch ilianzishwa London mwaka 1878 kwa biashara hiyo. Kondakta akitoboa tiketi, kengele inalia kila mtu asikie, na kipande cha karatasi kilichotobolewa kinabaki ndani ya kifaa kilichofungwa. Ofisini kulikuwa na watu ambao kazi yao ilikuwa kuhesabu vipande hivyo! Huko Marekani Tom L. Johnson akabuni sanduku la nauli lenye kioo, ili sarafu zionekane zikishuka. (Huyohuyo, alipokuwa meya wa Cleveland, alipigania nauli ya senti 3 tu. Binadamu hatabiriki.)

Vyote hivyo vilibuniwa kwa sababu konda haaminiki. Leo jicho lilelile limemgeukia abiria: kadi inajua umepandia wapi na saa ngapi. Sarafu haikujua jina la mtu.

DEREVA MSTAAFU: Ndugu yangu, umeruka ukurasa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 madereva wa mabasi katika miji ya Marekani walikuwa wakiporwa, wengine wakauawa, kwa sababu ya chenji waliyobeba. Ndipo ukaja utaratibu wa nauli kamili: unatumbukiza kiasi halisi kwenye sanduku lililofungwa, dereva hana ufunguo wala chenji. Nimekaa kwenye kiti hicho miaka mingi. Ukiwa na begi la pesa miguuni, kila anayepanda usiku unamwangalia mikono kwanza. Mabasi ya London yaliacha taslimu Julai 2014, na watu bado wanasafiri.

MTOA MADA: Hilo la uporaji nalikubali mzee wangu, sikulipa uzito. Lakini tazama dawa yake: nauli kamili iliondoa chenji, sarafu ikabaki. Dereva akawa salama na maskini akapanda. Hata hao London, walipoondoa taslimu, waliruhusu safari moja ya ziada kwa kadi yao ya nauli, Oyster, iliyoishiwa salio. Walijua wapo ambao wangebaki kituoni.

MPITA NJIA: Nyote mnabishania kufuli, yaani njia ya kutoza nauli. Treni za chini ya ardhi za New York zilitoza senti 5 tangu 1904 hadi 1948. Nauli ilipofika senti 15 mwaka 1953, hakukuwa na sarafu moja ya thamani hiyo na mageti hayakuweza kupokea mbili tofauti, ikabidi mji utengeneze tokeni zake, vijisarafu vya nauli tu. Miaka ya 1980 wajanja wakagundua kwamba tokeni ya barabara ya kulipia ya jimbo jirani la Connecticut, ya senti 17 na nusu, inafungua geti lilelile. Kila kufuli lina gharama yake, na mwizi wake. Luxembourg ilifuta nauli nchi nzima mwaka 2020, isipokuwa daraja la kwanza la treni.

MTOA MADA: Luxembourg ni ndogo na ina hela, tusijilinganishe nayo haraka hivyo. Mimi nasubiri wanaotaka kadi pekee wanijibu hili moja: saa tano usiku, salio limekwisha, mashine ya kujazia imeharibika, na basi la mwisho limeshafungua mlango. Huyo mtu, noti iko mkononi, anapandaje?