Je, Ohio State walistahili taji la msimu wa 2024 baada ya kushindwa mara mbili?

Mkeshaji wa Umoja

Salamu kwenu, wapenzi wa mpira wa Kimarekani. Niliufuatilia msimu wa 2024 wa Chuo Kikuu cha Ohio State tangu mwezi Agosti, mara nyingi nikikesha, kwa kuwa mechi inayoanza jioni kule kwao huku Nairobi huwa ni usiku wa manane. Fainali waliyowalaza Notre Dame 34-23 mjini Atlanta ilianza kwetu saa tisa na nusu, usiku wa kuamkia Januari 21, 2025, nami nilikwenda kazini moja kwa moja ilipomalizika. Nilifurahi kwa dhati.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo bado halijatulia moyoni mwangu. Timu hiyo ilishindwa na Oregon 32-31 mwezi Oktoba, kisha Novemba 30 ikabwagwa 13-10 nyumbani kwake Columbus na Michigan, ambao kabla ya siku hiyo walikuwa wameshinda mechi sita na kupoteza tano. Mimi nimelelewa na ligi ya nyumbani, ambamo Gor Mahia walitwaa ubingwa wa 2015 bila kupoteza hata mechi moja, na hivyo ndivyo ninavyolielewa neno bingwa. Naomba wanaoujua mchezo huu wanieleze: je, taji hili ni halali? Na ni kitu gani kilichobadilika katika timu hiyo baada ya Novemba?

Mzee wa Buruburu

Mwanangu, kipimo cha ligi yetu hakifai huko. Daraja la juu la vyuo vya Marekani lilikuwa na timu 134 msimu huo, na kila timu hucheza mechi 12 tu kabla ya fainali za kanda na mchujo, kwa hiyo nyingi hazikutani kabisa na jedwali moja la pointi haliwezekani. Ndiyo maana kamati ya watu 13 huketi na kuteua timu za mchujo. Kuanzia 2014 hadi 2023 iliteua nne pekee, na katika miaka yote hiyo hakuna timu iliyopoteza mechi mbili iliyoteuliwa. Mwaka 2024 nafasi zikaongezwa hadi 12, na Ohio State wakapangwa wa nane. Msimu mmoja mapema, kichapo cha Michigan kingewafungia mlango.

Lakini tazama walichofanya walipoingia. Waliwapiga Tennessee 42-17, kisha Oregon, waliokuwa hawajashindwa, 41-21, halafu Texas 28-14, na mwishowe Notre Dame, ambao nao walikuwa wamefungwa nyumbani na Northern Illinois 16-14 mwezi Septemba. Timu nne zilizopewa nafasi ya kupumzika katika raundi ya kwanza zote zilitolewa katika mechi yao ya kwanza. Kwangu mimi taji ni halali.

Fowadi Mstaafu, Kahawa

Nijibu swali la pili, kwa kuwa nimecheza raga kwa miaka mingi na vita vya mafowadi ndivyo ninavyovitazama kwanza. Ohio State walimpoteza Josh Simmons, anayemkinga mrusha pasi wao upande wa kushoto wa mstari wa mbele, kwa jeraha katika mechi ile ya Oregon, na mwezi uliofuata wakampoteza Seth McLaughlin, aliyekuwa katikati ya mstari wa mbele. Donovan Jackson akahamishwa kutoka nafasi yake aliyoizoea ili kuziba pengo la kushoto. Mstari uliofumwa upya namna hiyo ulihitaji kulindwa na mbinu, lakini dhidi ya Michigan waliendelea kuupeleka mpira katikati, mahali waliposimama Mason Graham na Kenneth Grant, majabali wawili wa Michigan, na Ohio State wakaambulia yadi 77 tu za kukimbia. Hilo lilikuwa kosa la benchi, wala si la vijana, na mashabiki wengi walidai kocha Ryan Day afutwe.

Katika mchujo walifungua mchezo kwa pasi za mapema na ndefu. Jeremiah Smith, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, alidaka pasi saba za jumla ya yadi 187 dhidi ya Oregon, na kabla ya mapumziko walikuwa wakiongoza 34-0. Ulinzi nao haukutetereka: Texas walipokaribia kusawazisha, mlinzi wao Jack Sawyer alimpokonya Quinn Ewers, mrusha pasi wa Texas, mpira na kukimbia nao yadi 83 hadi mwisho wa uwanja.

Shabiki wa Ingwe

Nawaheshimu walionitangulia, ila sikubali kwamba Januari inaifuta Novemba. Anayejua uzito wa Mashemeji, yaani mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards (Ingwe), anaelewa kwamba kufungwa na hasimu ni deni la peke yake. Michigan walikuwa wamewashinda mara nne mfululizo, tangu 2021, na kombe halikubadilisha hesabu hiyo. Taji ni lao kwa kanuni, nami nawapongeza, lakini kuiita timu hiyo bora isiyo na doa ni kuwanyima Michigan haki yao.

Mkeshaji wa Umoja

Ahsanteni sana. Mzee, maelezo yako kuhusu kamati yamenitosheleza, na ndugu wa Ingwe, umelitaja hasa lile lililokuwa likinisumbua. Maneno ya Fowadi yamenifanya niitazame fainali tena: Notre Dame walikuwa wamepunguza pengo kutoka 31-7 hadi 31-23, Ohio State wakiwa katika jaribio la tatu kati ya manne na wakihitaji yadi 11 ili waendelee kuushika mpira, na badala ya kukimbiza mpira ili kupoteza muda, mrusha pasi wao Will Howard alimrushia Smith pasi ya yadi 56. Novemba wasingethubutu.