Mrejesho: ile misheni ya treni nimeimaliza

Assalaam alaykum ndugu zangu. Wiki iliyopita niliuliza kama kuna haja ya kurudia misheni ya treni, ile ya kuifukuza treni kwa pikipiki, kwenye GTA: San Andreas, gemu la mwaka 2004, iliyonishinda tangu niko skuli Wete. Mkanambia nizoee pikipiki kwanza, halafu nisiigande treni.

Siku tatu nilizunguka Los Santos tu, mji wa humo kwenye gemu. Kweli, kadiri unavyoendesha, kipimo cha ujuzi wa pikipiki kinapanda, na CJ, yule unayemchezesha, haanguki ovyo kama mwanzo. Udogoni nilikuwa nikichukua magari tu, pikipiki siigusi.

Jana baada ya isha nikaingia. Kosa langu la zamani nimeliona waziwazi: nilikuwa nabana tairi na mabehewa, nikidhani ukaribu ndio shabaha. Ukibana hivyo, Big Smoke, mwenzake CJ anayepiga risasi kutoka nyuma ya pikipiki, hawapati vizuri maadui waliosimama juu ya treni. Risasi zinaishia ubavuni mwa behewa. Safari hii nikakaa kulia, nikaacha nafasi, nikaenda nayo sambamba. Vidole vinateleza kwa jasho kwenye pedi! Wa mwisho alipodondoka, mdogo wangu alipiga ukelele hadi mama akatoka jikoni.

Mara ya pili tu, wallahi, baada ya miaka yote ile.

Ahsanteni sana, khasa kaka aliyesema nikae kulia. Sasa nairudia misheni ya kindege cha rimoti cha Zero, mmoja wa wahusika wa gemu, inayoniishia mafuta kabla sijarudi. Mwenye ujuzi nayo anisaidie.