Mjadala: Sajili ya karatasi irudi kila kituo 2027, au tubaki na mtambo peke yake?

Naleta hoja moja mezani, na naomba tuijadili bila kuulizana kwanza nani ni wa mrengo gani. Uchaguzi mkuu wa Kenya ni Agosti 2027. Tume ya uchaguzi, IEBC, ilikaa bila makamishna tangu Januari 2023 hadi Julai 2025, miaka miwili na nusu ya kupotezewa muda, na ugomvi wetu wa zamani umeanza kunukia tena: mpigakura akifika kituoni, atambuliwe vipi? Kwa alama za vidole kwenye mtambo wa KIEMS peke yake, au pia kwa sajili iliyochapishwa?

Msimamo wangu ni huu. Sajili ya karatasi iwepo katika kila kituo, iwe imeandikwa kwenye sheria mapema, na idadi ya watu waliopiga kura bila vidole vyao kusomwa itangazwe kituo kwa kituo na kubandikwa mlangoni kando ya Fomu 34A, ile ya matokeo ya urais ya kituo. Nusu ya kwanza ya hoja hii bila nusu ya pili siitaki.

Kwanza tukumbushane jinsi wanasiasa wetu walivyocheza na jambo hili, kwa sababu wengi wamesahau au wanajifanya wamesahau.

Desemba 2016, mrengo wa Jubilee ulipitisha bungeni, katika vikao vya vurugu, marekebisho ya sheria ya kuruhusu njia ya ziada ya kumtambua mpigakura iwapo mtambo utakwama. Uhuru Kenyatta alikuwa Rais na William Ruto naibu wake. Walisema mtandao haufiki kila pembe ya nchi, mashine huharibika, na mwananchi hawezi kunyimwa haki yake kwa sababu betri imekufa. Rais akatia saini Januari 2017. CORD, muungano wa upinzani chini ya marehemu Raila Odinga, ilipinga kwa nguvu zote: karatasi, walisema, ndiyo njia ambayo wafu hupigia kura. Muungano wao mpya wa NASA ukaenda hadi mahakamani kuzuia karatasi hiyo, ukashindwa.

Sasa ruka hadi 2022. Raila yuko katika muungano wa Azimio, Uhuru yuko upande wake, na msimamo ni kwamba bila sajili ya karatasi hakuna uchaguzi. UDA, chama cha Ruto, nayo inapinga karatasi, inasema mtambo unatosha. Tarehe 4 Agosti Mahakama Kuu ikaamuru sajili iliyochapishwa itumike pamoja na mtambo. Tarehe 8 Agosti, mkesha wa uchaguzi, Mahakama ya Rufaa ikasimamisha amri hiyo. Maafisa wa vituo wakalala usiku ule na maagizo mapya kuhusu jambo la msingi kuliko yote, la nani aruhusiwe kupiga kura na kwa ushahidi gani.

Ndani ya miaka 6 hoja zilikuwa zilezile, neno kwa neno. Waliobadilika ni wasemaji. Kwa hiyo anayenijia leo na kusema chama chake kimesimama kwenye misingi juu ya suala hili, namwomba aniambie ni misingi ya mwaka gani.

Hata hivyo sikubaliani na wale wanaosema kwamba basi yote ni kelele za wanasiasa na wananchi wa kawaida hawana cha kuhofia. Hofu za pande zote mbili zina historia, na historia hiyo imelipiwa damu.

Anayeogopa karatasi anaikumbuka 2007. Tume ya Jaji Johann Kriegler, iliyochunguza uchaguzi ule, ilikuta sajili yenye majina ya zaidi ya milioni moja ya watu waliokwisha kufa. Ilikuta vituo ambako waliojitokeza hawaaminiki kwa idadi yao. Mwishowe ikasema haiwezekani kujua nani alishinda urais. Zaidi ya watu 1,100 walikuwa wameuawa na mamia ya maelfu wametimuliwa makwao kwa ajili ya ushindi ambao hakuna aliyeweza kuuthibitisha. Alama za vidole zililetwa ili mambo yale yasirudi, na kwa hilo zilikuwa sahihi.

Anayeogopa mtambo naye ana yake. Mwaka 2013 vifaa vya kuwatambua wapigakura vilizimika kituo baada ya kituo. Vingine vilipelekwa madarasani ambako hakuna umeme hata wa kuchaji simu. Mfumo wa kupeperusha matokeo ulikwama, na kura zilizoharibika zikaonekana kwenye skrini zikiwa zimezidishwa mara 8 kwa kosa la programu. Mwaka 2017 Chris Msando, aliyekuwa akisimamia teknolojia ya tume, aliuawa siku chache kabla ya kura. Mahakama ya Juu ilipoamuru tume ifungue sava zake zikaguliwe, tume haikutii ipasavyo, na tarehe 1 Septemba majaji 4 kwa 2 wakafuta uchaguzi wa urais. Raila akawa amewabatiza waliotangazwa washindi jina ambalo halijatoka vinywani mwa watu hadi leo: vifaranga vya kompyuta. Mtu aliyeyaona hayo, ukimwambia mashine haidanganyi, ana haki ya kukuuliza mashine ni ya nani na nani ana nywila.

Nilikuwa wakala wa chama kwenye kituo kimoja huko Kwale mwaka 2022, na nataka niwasimulie kilichotokea mbele ya macho yangu kwa sababu kinagusa hoja yangu moja kwa moja. Asubuhi alifika mzee wa Kimakonde na kitambulisho chake mkononi. Karani akamwomba kidole gumba, hakikusoma. Kidole cha shahada, hakikusoma. Wakamfuta mikono kwa kitambaa, wakajaribu kushoto, wapi. Mikono ya mtu aliyelima na kushika panga maisha yake yote haina mistari ya kutosha kwa kioo kile. Nyuma yake foleni ilikuwa ndefu na watu wakaanza kunung'unika. Karani akaingiza namba ya kitambulisho, picha ya mzee ikatokea kwenye skrini, sura ni yake. Msimamizi akatoa Fomu 32A, ile inayojazwa mtu akitambuliwa bila vidole, na wakala wa chama kingine akakataa: huyu asipige, hatuna uhakika. Tulibishana. Mzee alisimama kimya muda wote ule, kitambulisho amekiinua usawa wa kifua ili kila mtu akione. Mwishowe alipiga kura yake, akachovya kidole kwenye wino, akaenda zake.

Wasiojua, Wamakonde wa Kwale walikaa nchini kwa vizazi bila kutambuliwa kuwa raia. Babu zao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi mashambani. Walipata vitambulisho mwaka 2016 baada ya kutembea kutoka Kwale hadi Nairobi kwenda kudai haki yao Ikulu. Mtu wa namna hiyo ukimwambia hatapiga kura kwa sababu kioo hakikipendi kidole chake, umemrudisha alikotoka.

Lakini yule wakala mwenzangu hakuwa mtu mbaya, na hoja yake naichukua kwa uzito. Alichotaka kujua ni watu wangapi wangeingia kwa njia ile siku nzima, hapo kwetu na kwingineko. Fomu 32A zilijazwa, zikatiwa kwenye bahasha, bahasha ikafungwa. Matokeo ya kura yalibandikwa mlangoni kila mtu akayasoma, lakini kwamba ni wangapi walitambuliwa kwa vidole na wangapi kwa namba hakuna aliyebandika. Huko Kakamega na Makueni, ambako mitambo ya vituo zaidi ya 200 iligoma, tume iliruhusu sajili ya karatasi itumike siku ileile. Mwananchi wa kawaida angejuaje kilichofanyika humo ndani? Akingoja kesi ya mahakamani, na kesi ya urais ina siku 14 tu za kusikizwa na kuamuliwa.

Ndiyo maana nasema tatizo haliko kwenye karatasi wala kwenye mashine. Liko kwenye kitu kinachofanyika pasipo hesabu yake kuonekana na watu. Ushahidi wangu ni Fomu 34A yenyewe. Hadi 2017 ubishi wetu mkubwa ulikuwa namba zinazopita kwenye skrini bila fomu nyuma yake; Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi kwa sababu, miongoni mwa mengine, mshindi alitangazwa kabla fomu zote hazijafika. Mwaka 2022 tume ikaweka picha za fomu za vituo 46,229 mtandaoni, kila mwenye simu azifungue. Tofauti kati ya Ruto na Raila ilikuwa kura 233,211, nchi nzima. Makamishna 4 kati ya 7 wakajitenga na matokeo. Kwa historia yetu hiyo ilikuwa sababu tosha ya nchi kuwaka, na haikuwaka kama 2007. Kesi ilikwenda mahakamani, fomu za karatasi zikalinganishwa na zile za mtandaoni, na majaji wote 7 wakasema hawakuona tofauti ya maana. Wapo walioondoka bado hawaamini, najua, na baadhi yao ni ndugu zangu. Ila hata wao walilazimika kubishana wakiwa na fomu mkononi, na mabishano ya namna hiyo yana mwisho.

Basi tufanye vivyo hivyo kwa utambuzi wa wapigakura. Msimamizi akishafunga kituo aandike: waliotambuliwa kwa vidole, fulani, kwa namba ya kitambulisho, fulani, kwa sajili ya karatasi, fulani. Mawakala watie saini, karatasi ibandikwe, picha ipelekwe mtandaoni pamoja na 34A. Mtu akitaka kujaza kura usiku kwa majina ya wafu, itambidi aandike kwa mkono wake kwamba kituo chake kilikuwa na wapigakura 400 wasiosomeka vidole, wakati kituo cha jirani, chumba cha pili shule ileile, walikuwa 9. Atajianika mwenyewe.

Kuna wanaosema tume imeanza kuchukua picha ya mboni za macho kwa wapigakura wapya, kwa hiyo shida ya vidole imeisha. Mboni zitasaidia, nakubali. Hazisaidii mashine ikizimika, na hazimsaidii yule mzee aliyeandikishwa zamani kwa vidole bila mboni.

Halafu kuna suala la kitambulisho, ambalo naona mijadala mingi hulipita mbio ilhali ndipo kura nyingi hupotea. Kupiga kura Kenya lazima uwe na kitambulisho cha taifa au pasipoti, ileile uliyojiandikishia. Sina ugomvi na sharti hilo. Lakini kwa miaka mingi kijana wa Garissa, Mnubi wa Kibera au Mbajuni wa Lamu alipoomba kitambulisho alipelekwa mbele ya kamati ya wazee kuhojiwa babu yake ni nani, jambo ambalo kijana wa Nyeri au Kisii hakulijua kabisa. Februari 2025 Rais Ruto alitangaza kuondoa uhakiki huo wa ziada. Wapinzani wakapiga kelele kwamba wageni watapewa vitambulisho waje wapige kura. Mwenye ushahidi wa mgeni aliyepewa kitambulisho aulete na aliyempa ashtakiwe. Ila kumweka raia mlangoni miaka mitatu kwa sababu jina lake linafanana na la watu wa ng'ambo ya mpaka ni wizi wa kura pia, na wala hauhitaji sava.

Na wale wa serikalini mnaoshangilia sasa, nawauliza: kwa nini uamuzi huo ulingoja hadi kura za Kaskazini Mashariki zikawa zinatafutwa? Haki ya hawa watu ilikuwepo 2013, ikawepo 2017.

Nafungua uwanja. Ninaotaka kuwasikia hasa ni wa aina mbili. Wewe unayepinga karatasi, niambie yule mzee wa Kwale mtambo ukizimika saa nne asubuhi apige kura kwa njia gani, na useme njia hiyo kabla ya 2027, isije ikaamuliwa tena mkesha wa kura. Na wewe unayeitaka karatasi, je, uko tayari hesabu ya waliopita kwa karatasi ibandikwe mlangoni hata katika ngome ya chama chako? Aliyekuwa msimamizi wa kituo mwaka 2022 naye aseme kama kuandika hizo hesabu tatu saa tano usiku, baada ya kuhesabu kura za viti 6, ni jambo linalowezekana. Mimi naamini linawezekana, ila yeye ndiye aliyekuwa ameshika kalamu.