Shule zikifungwa tena kwa mlipuko wa ugonjwa, tuwasaidieje wazazi wenye simu za kitochi?

MwlTaaluma
Wadau wa elimu, heshima kwenu. Kamati ya shule imetuagiza tuandike mpango wa kusaidia kaya endapo shule zitafungwa ghafla kama Machi 17, 2020. Hatutaki mpango wa kupamba faili.

Hali ilivyo: shule ya msingi ya serikali, wanafunzi 640 kuanzia awali hadi la saba, walimu 11. Printa ni moja, na mashine ya kudurufu tunaweza kuazima sekondari ya kata. Wazazi wengi wana kitochi, wachache wana simu janja. Umeme upo senta tu, vitongojini ni sola.

Naomba kujua tuanzie wapi, kipi kinafaa kati ya karatasi, redio na WhatsApp, na hesabu za vifaa zikoje. Walimu wenzangu wengine wanataka madarasa ya Zoom, nimewaomba wasubiri kwanza.

---

KauntaBuku
Mwalimu, kabla ya karatasi na kabla ya bando, nunua kaunta buku moja nene. Hapo ndipo mpango unapoanzia.

Shule zetu zina orodha za wanafunzi kwa darasa. Siku shule inafungwa, orodha hiyo inakosa kazi, maana darasa halipo tena, kilichobaki ni nyumba. Mama mwenye watoto wa awali, la pili, la nne na la saba atapigiwa na walimu wanne ndani ya wiki moja, kila mmoja na maagizo yake, na simu ni moja. Wiki ya pili hapokei. Kwa hiyo andikeni upya kwa KAYA, na kila kaya iwe na mwalimu mmoja tu wa kuihudumia, hata kama hafundishi mtoto yeyote wa nyumba hiyo.

Kila kaya ipewe mistari miwili na safu hizi: namba ya kaya, majina ya watoto na madarasa yao, namba ya mlezi anayelala na watoto (siyo ya baba aliye mgodini), namba ya jirani au ya balozi wa nyumba kumi, aina ya simu, saa simu inapokuwa nyumbani, nani ndani ya nyumba anasoma vizuri, redio ipo au haipo, mahitaji maalumu.

Safu ya saa msiidharau. Simu ya bodaboda au ya mama wa genge inarudi nyumbani saa moja jioni. Mwalimu akipiga saa nne asubuhi anaongea na mzazi aliye kazini na mtoto hayupo, halafu anaripoti kwamba "wazazi hawana ushirikiano".

Hesabu yenu sasa. Tuseme wanafunzi 640 wametoka kaya 380. Gawa kwa walimu 11, kila mmoja anapata kaya 35 hivi. Simu moja ya dakika 15 kwa wiki ni dakika 525, yaani simu 7 kwa siku kwa siku tano, chini kidogo ya saa mbili kila jioni. Kazi ipo, lakini inabebeka. Kwa utaratibu wa darasa, mwalimu mwenye wanafunzi 90 angehitaji saa 22 na nusu kwa wiki, na angeacha wiki ya kwanza.

Dakika zinunuliwe na shule, vifurushi vya mitandao yote. Kamati ipitishe kwa muhtasari mapema. Mkimtegemea mwalimu atoe vocha mfukoni, mpango utakufa tarehe 15 ya mwezi.

Namba za fomu ya uandikishaji hufa haraka. Wiki ya kwanza ya kila muhula pigeni zote, isiyoita mtoto apewe kikaratasi cha kujaza nyumbani.

---

Naweka_Kambi
Naweka kambi hapa. Hii ya kaya imenipa kazi ya wikiendi.

---

Masta_na_Wino
Naunga mkono hoja ya daftari. Mimi nizungumzie karatasi.

Kwa hali yenu mhimili ni pakiti ya wiki mbili. Awali hadi la pili karatasi 2 kwa wiki, la tatu hadi la saba karatasi 4 kwa wiki, pande zote mbili. Chukulia 260 ni wa madarasa ya chini na 380 ni wa juu: 260 × 4 ni 1,040, na 380 × 8 ni 3,040. Jumla karatasi 4,080. Ongeza asilimia 10 za kuharibika, mnakaribia rimu 9 kila wiki mbili. Mkifungiwa miezi mitatu ni mizunguko sita au saba, sawa na rimu 54 hadi 63.

Msitumie printa kwa kazi hiyo, tona itawafilisi. Printa itoe nakala mama moja, mashine ya kudurufu ifanye mengine kwa masta (karatasi maalumu inayobeba nakala ya kudurufiwa). Angalizo: wino wa mashine hizo hukauka taratibu. Ukichapa upande wa pili papo hapo, upande wa kwanza unachafuka na kila karatasi inabeba kivuli cha jirani yake. Chapa upande mmoja kwa madarasa yote, acha hadi kesho, ndipo ugeuze. Picha za kupiga kitabuni kwa simu zinatoka nyeusi tii. Chora kwa mkono, kalamu nyeusi, mistari minene.

Kilichomo ndani ndipo wengi tunapokosea. Tunadurufu kurasa za kitabu tunaita pakiti. Kitabu kimeandikwa mwalimu awepo. Pakiti inatakiwa kuwa na mfano mmoja uliofanywa hatua kwa hatua, kisha maswali matano yanayofanana nao, kisha mawili ya kufikiri. Kila ukurasa uwe na mstari mmoja wa mlezi, kwa lugha ya nyumbani: "Mwambie akuoneshe kwa maharage alivyopata 24." Mlezi asiyesoma atasomewa mstari huo na mtoto mwenyewe, na hilo tayari ni zoezi la kusoma. Majibu msiyaweke mwishoni, yabaki kwa mwalimu wa kaya, yasomwe kwenye simu.

Na vitabu vya kiada! Vikilala stoo miezi mitatu panya ndio wanaofaulu. Siku ya kufunga gaweni kwa daftari la kuazimisha. Kama kitabu kimoja ni cha watoto watatu, wapewe watatu wanaokaa jirani, siyo watatu wa dawati moja. Kila kitabu kivalishwe jalada la kaki la mfuko wa saruji.

Ugawaji: vituo vinne au vitano, kwenye uwanja wa wazi, kila kitongoji na siku yake, mtu mmoja kwa kaya anachukua pakiti za watoto wote na kurudisha za zamani. Bahasha iandikwe namba ya kaya kwa maka peni. Wakati wa Corona wengine walikuwa wanazilaza karatasi siku tatu kabla ya kusahihisha. Baadaye ilieleweka kwamba hatari kubwa ni hewa ya kupumuliana kuliko karatasi, kwa hiyo msongamano mlangoni ndio wa kuogopa. Ila hilo ni la Corona. Kwa ugonjwa kama Marburg, uliotangazwa Kagera Machi 2023, njia ya maambukizi ni kugusana na majimaji ya mwili wa mgonjwa, na kaya iliyo chini ya uangalizi haipelekewi wala haichukuliwi kitu bila mtu wa afya kuridhia. Mpango wenu uache nafasi kwa mganga mfawidhi wa zahanati kuandika masharti kulingana na ugonjwa wenyewe.

---

Herufi160
Nyongeza upande wa simu. Mwaka 2020 Botswana walijaribu mambo mawili kwa kaya zaidi ya elfu nne: kundi moja lilipata SMS za hesabu kila wiki, jingine SMS pamoja na simu ya kama dakika 20. Waliopigiwa walipanda kwenye hesabu. Waliopata SMS peke yake hawakuonesha tofauti ya maana. Kwa hiyo SMS ni kengele ya kukumbusha, kufundisha kunafanywa na simu.

Dakika 15 zinagawanywa hivi: mbili za salamu na hali ya nyumbani, tatu na mlezi (pakiti imefika? amekwama wapi?), nane na mtoto, spika ikiwa wazi, anafanya swali MOJA kwa sauti, mbili za kupanga wiki ijayo. Kosa la kawaida ni mwalimu kuhutubia dakika kumi na mbili, mtoto akajibu "ndiyo mwalimu" mara sita. Kosa la pili ni mlezi kunong'ona majibu. Hapo usimgombeze, mpe kazi: "Mama, naomba unihesabie sekunde anazotumia."

Kwenye kaya yenye watoto wanne mwalimu hamalizi wote kwa simu moja. Wiki hii wawili, wiki ijayo wawili.

Mfano wa SMS:
*DRS 4 HESABU. J3 saa 4:30 redio. Kabla: kusanya vijiti 24, agawe mafungu ya 6. Baadaye: zoezi la 3 uk. 41. Mwl atapiga Alhamisi saa 1 jioni.*

Hiyo ni herufi 140 pamoja na nafasi, inaingia kwenye SMS moja ya herufi 160. Sasa mtego: ukiandika kwa simu janja neno kama ng'ombe, baadhi ya kibodi huweka alama ya juu iliyopinda badala ya ile iliyonyooka. Alama hiyo moja haimo kwenye seti ya kawaida ya herufi za SMS, basi ujumbe mzima unahamia mfumo wa herufi 70. Ujumbe uliodhani ni mmoja unakatwa kuwa vipande vitatu, na kwa kaya 380 umelipia SMS 1,140. Emoji inafanya vivyo hivyo. Jaribu kwanza, angalia kihesabu cha herufi pembeni ya kisanduku.

Redio: msitangaze ratiba ya vipindi vya masomo kabla hamjasikiliza wenyewe kwenye kitongoji cha mbali zaidi. Masafa yanatofautiana mkoa kwa mkoa, na mlima mmoja unatosha kuifanya saa 4:30 iwe mikwaruzo.

Jingine ni matapeli. Wazazi wamechoka na "tuma kwenye namba hii", hivyo namba ngeni hawapokei. Bandikeni namba 11 za walimu kwenye ofisi ya kijiji na misikitini na makanisani, na chini yake muandike: SHULE HAITAOMBA HELA KWA SIMU. Bila hilo, wiki ya pili kuna mtu atajifanya mwalimu na kukusanya "mchango wa pakiti".

---

AdminiPekee
Mbona WhatsApp mmeitupa? Mleta mada ana wazazi wachache wenye simu janja, na kila kaya mnayoihudumia huko inawapunguzia karatasi. Ila iwe na sheria.

Kundi moja kwa darasa, admini pekee ndio wanaotuma, majibu ya watoto yaende kwa mwalimu wa kaya. Kundi lililo wazi linajaa salamu za asubuhi na maombi ya kusambaza kwa watu kumi, na zoezi linazama. Tumeni sauti na picha, siyo video. Sauti ya dakika moja haifiki MB moja, video ya dakika tatu inavuka MB 10 kirahisi. Wazazi wazime upakuaji otomatiki wa picha, sauti na video, la sivyo bando linaisha kabla ya somo. Na Zoom, waambie wenzako: darasa la saa moja linaweza kula GB nzima, na ile ya bure inakata baada ya dakika 40.

Vitabu vyenyewe vinasomeka bure kwenye maktaba mtandao ya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania). Piga picha ukurasa mmoja unaohitajika ndio utume. Kiungo cha kitabu kizima wengi hawatakifungua.

---

KauntaBuku
@AdminiPekee sawa, kwa sharti kwamba mwenye WhatsApp asipewe somo zuri kuliko mwenye karatasi. Maudhui yawe yaleyale, kinachobadilika ni njia ya kufikisha tu. Na pakiti asinyimwe, maana simu ikipasuka kioo mtoto yule amepotea.

---

Bi_Stoo
Wote mmesahau tumbo. Kama shule yenu inapika uji au makande kwa michango ya wazazi, stoo ina mahindi siku ya kufunga. Msiyafungie. Pimeni, gaweni kwa daftari la michango ndani ya wiki ya kwanza, kamati na mtendaji wa kijiji washuhudie na kusaini. Gunia lisilotiwa dawa likikaa miezi mitatu dumuzi wanakuachia unga wa vumbi, halafu mnaanza kutafutana uchawi.

Kwenye simu ya kila wiki mwalimu aongeze swali moja tulivu kwa mtoto: "Leo umekula nini, na umelala wapi?" Mtoto aliyehamishiwa kwa mtu, binti aliyeanza kazi za ndani, yote yanajitokeza hapo. Namba ya huduma kwa mtoto ni 116, bure, na ya Wizara ya Afya ni 199. Zichapwe kwenye kila bahasha. Mwalimu asifanye upelelezi kwa simu akiwa amewekwa spika, mtu anayemtesa mtoto anaweza kuwa ndiye aliyeishika.

Mkifungua, chukueni daftari la kaya na muulize nani hajarudi kabla ya kuuliza nani amefeli. Tangu Novemba 2021 binti aliyekatizwa masomo kwa ujauzito anaruhusiwa kurudi kwenye mfumo rasmi. Mwaka 2020 haikuwa hivyo, na wazazi wengine bado hawajui.

---

MwlTaaluma
Asanteni sana. Swali la mwisho: tuna wanafunzi wawili viziwi na mmoja asiyeona. Pakiti na simu haviwasaidii.

---

Masta_na_Wino
Hao msiwaingize kwenye mgao wa kaya 35, wapeni mwalimu wao peke yake. Kwa viziwi, video fupi za lugha ya alama ndiyo matumizi halali ya bando la shule. Kama kwao hakuna simu janja, mkopesheni ya shule kwa barua, ikiwa na chaja na laini. Kwa asiyeona, siku ya kufunga aondoke na mashine yake ya nukta nundu, karatasi nzito za kutosha, na abakasi. Karatasi za kawaida zinatoboka na nukta zinalala baada ya kusomwa mara mbili tatu. Simu ya sauti kwake inafaa vizuri kuliko kwa wengine wote, mpigieni mara mbili kwa wiki.