Naomba ushauri: "militarily" ni "kijeshi" tu, au kuna zaidi?

Mtunga Sentensi:
Wakuu, habari za leo. Ninatafsiri makala ya historia ya vita vya Vietnam, na nimekwama kwenye neno moja la Kiingereza, "militarily". Kila nilipolikuta nimeandika "kijeshi", lakini mhariri amenirudishia ukurasa, akiwa ameizungushia wino mwekundu sentensi hii, inayohusu mashambulizi yaliyoanza wakati wa Tet, sikukuu ya mwaka mpya wa Kivietnam: "Mashambulizi ya Tet ya mwaka 1968 yalishindwa kijeshi." Pembeni ameuliza: "Yalishindwa kwa gwaride?" Nilicheka, kisha nikaona ana hoja. Niandikeje?

Bi Sarufi:
Ndugu yangu, mhariri amekuonea kidogo, kwa kuwa "kijeshi" hapo si kosa. Ila ni kweli kwamba mtu husimama kijeshi na kusalimu kijeshi, na maana hiyo ya "kama askari" ndiyo iliyomjia. Neno hilo la Kiingereza lina kazi mbili. Mara nyingine hutaja njia iliyotumika, na nchi ikipeleka majeshi kwa jirani utasema "imeingilia kati kijeshi" bila kuulizwa na mtu. Mara nyingine huwekea hukumu mpaka: mwandishi anapima mambo ya medani peke yake, na siasa ameiweka kando kwanza. Tet ni mfano mzuri wa kazi hii ya pili, kwani Vietnam ya Kaskazini na Viet Cong, yaani wapiganaji wa kikomunisti wa Vietnam ya Kusini, walipoteza wapiganaji wengi mno na hawakuweza kuishikilia miji waliyoivamia, ilhali Wamarekani walitikisika kisiasa, na tarehe 31 Machi 1968 Rais Lyndon Johnson akatangaza kwamba hatagombea tena. Andika "kwa upande wa kijeshi", tena uyatangulize maneno hayo, ili msomaji ajue kwamba upande wa pili unakuja.

Mkalimani Mstaafu:
Naunga mkono. Angalia pia usiandike "walijibu kwa kijeshi", kosa ninalolikuta mara kwa mara: ni "walijibu kijeshi", au "kwa nguvu za kijeshi". Ama Ufini, ambayo kabla ya kuingia NATO Aprili 2023 haikufungamana kijeshi na upande wowote, hapo "kijeshi" linatosha.

Mtunga Sentensi:
Ahsanteni sana. Sasa inasomeka: "Kwa upande wa kijeshi, mashambulizi ya Tet yalishindwa; kisiasa, yaliitikisa Washington." Mhariri amejibu kwa neno moja: "Pita."