Mhariri kasema sura tatu za mwanzo zina sauti, zilizobaki hazina. Naanzia wapi?

Kalamu ya Pembeni:
Wakuu, habari za jioni. Nina miaka 31, niko Morogoro, nachapa na kutoa kopi kwenye stesheneri ya mtu. Hadithi naandika tangu 2016, nyingi za Facebook, zile za "itaendelea". Mwaka huu nimemaliza riwaya ya sura kumi na nne nikaipeleka kwa mhariri. Jana kanirudishia. Pembeni mwa sura ya 4 kaandika kwa kalamu nyekundu: "Huyu mtu wa sura tatu za mwanzo amekwenda wapi?" Na mwisho kabisa: "Sauti ipo, kisha inapotea. Itafute." Kanipa mpaka mwisho wa mwezi.

Tangu jana chakula hakipiti. Naombeni njia. Mtu anaipataje sauti yake ya uandishi? Kuna mazoezi? Kuna kozi? Niko tayari kulipa.

Dereva wa Usiku:
Pole mkuu. Mimi niliandika mashairi mpaka nilipooa. Mke wangu alikuta shairi la zamani lenye jina la mtu mwingine, kuanzia siku hiyo nasoma magazeti tu. Ila usikate tamaa.

Mwalimu Mstaafu:
Mwanangu, Kiswahili nimekifundisha miaka 29. Sauti hainunuliwi kwa kozi. Soma sana, halafu uwe na ubishi wako. Kezilahabi alizaliwa Ukerewe mwaka 1944, lugha ya kwao Kikerewe, Kiswahili kakikuta njiani. Alipotoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyofuata vina wala mizani, washairi wa mapokeo walimjia juu kwamba ule si ushairi. Hakurudi kuviomba vina radhi. Lakini msije mkadhani mizani ndiyo inayoua sauti. Shaaban Robert wa Vibambani, Tanga, alizishika kanuni zote na bado ubeti wake unaujua hata ukifichiwa jina. Wanafunzi wangu wengi walivunja kanuni, wakabaki bila kanuni na bila sauti.

Binti Msambweni:
Mwalimu shikamoo. Mbona hakuna aliyeuliza, kati ya sura ya 3 na ya 4 kulitokea nini?

Kalamu ya Pembeni:
Hakikutokea kitu dada. Nilichoka tu, kazi zilikuwa nyingi dukani. Mwalimu, asante sana, nitavitafuta vitabu hivyo.

Binti Msambweni:
Uchovu haubadilishi mtu hivyo. Tuwekee aya moja ya sura ya 2 na moja ya sura ya 5.

Kalamu ya Pembeni:
Sawa.

Sura ya 2: "Samaki wa asubuhi anakutazama. Wa jioni anatazama kando, kama mtu uliyemkopesha. Mume wangu alianza kutazama kando mwezi wa Ramadhani. Nikasema moyoni, huyu kachina."

Sura ya 5: "Jua lilikuwa likizama kwa madaha katika upeo wa magharibi, huku Mwanahawa akiwa amezama katika dimbwi la mawazo mazito yaliyoitesa nafsi yake."

Dereva wa Usiku:
Hilo dimbwi la mawazo kila hadithi ya Facebook lazima mtu azame humo. Ila hiyo ya samaki, aisee.

Mwalimu Mstaafu:
"Kachina". Neno hili la samaki aliyeanza kuharibika mara ya mwisho nimelisikia kwa marehemu mama, anamkataa mchuuzi mlangoni.

Binti Msambweni:
Aya ya kwanza ni ya mwanamke, mtu mzima, aliyepara samaki kwa mikono yake. Wewe ni kijana wa stesheneri. Ni ya nani?

Kalamu ya Pembeni:
Nilikuwa sitaki kulisema hili. Ni ya shangazi yangu, anakaanga samaki Pangani. Mwaka jana niliugua, nikawa silali. Kila usiku akishafunga biashara ananitumia sauti WhatsApp, dakika sita, nyingine kumi. Ninazo 41. Nilipopona nikazichapa neno kwa neno, nikabadilisha majina. Zikatoka sura tatu. Zilipokwisha nikaendelea mwenyewe.

Lakini wakuu nisikilizeni. Aliyechagua ni mimi, aliyekata na kupanga ni mimi. Hadithi za ukoo ni za ukoo, hazina mwenyewe. Shangazi hata riwaya hasomi. Mhariri nimeshamwambia kazi yote ni yangu, na ukurasa wa shukrani jina la shangazi nimeshaliweka. Kwa hiyo swali langu ni lile lile: nawezaje kuiendeleza sauti ile kwenye sura kumi na moja zilizobaki?

Sheria Kwanza:
Punguza mwendo. Hadithi ya ukoo ni ile aliyosimuliwa bibi na bibi yake, na hata hiyo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 imeiwekea ulinzi. Haya ya shangazi ni maisha yake. Kabla hujasaini mkataba wowote, nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ukaulize.

Dereva wa Usiku:
Mambo ya sheria mbali. Mtu kakukesha ukiwa mgonjwa, unamlipa ukurasa wa shukrani? Mama yangu mdogo aliniuguza malaria miezi miwili, hadi leo nikipita kwake sikai kwenye kiti kabla yake.

Nyuki Dume:
Wakuu mnakunywa chai hapa. Mwaka juzi mleta uzi huyu huyu alifungua uzi wa kuomba dua, SHANGAZI YAKE KAFARIKI. Leo shangazi anakaanga samaki na kutuma sauti. Halafu angalieni uzi ulivyopangika: kalamu nyekundu, sauti 41, kila kitu kinatoka kwa zamu. Huyu anatafuta wasomaji wa kitabu chake.

Mpita Njia 77:
Duh, tangawizi imekolea. Wasimamizi, unganisheni na ule uzi wa msiba.

Kalamu ya Pembeni:
Baba yangu ana dada watano. Aliyefariki ni wa Handeni, huyu ni wa Pangani. Jina la kitabu sijalitaja hapa hata mara moja, nauza nini?

Unaniambia shangazi yangu hayupo na mimi nimekaa na sauti yake sikioni sasa hivi. Nasikia mafuta yanachemka. Kuna mahali mteja anauliza changu bei gani, anamjibu elfu nne, mteja anasema punguza, anamwambia kapunguze wewe baharini, halafu anarudi palepale kwenye hadithi, hakupoteza hata neno. Wakati nachapa, hayo ya mteja niliyafuta. Niliyaona uchafu. Yote, sauti zote 41.

Nyuki Dume:
Basi tuwekee sauti moja tusikie.

Binti Msambweni:
USIWEKE. Mdogo wangu, yeye mwenyewe anajua kwamba umemwandika?

Kalamu ya Pembeni:
Hajui. Na sura ya 3 ni ya ndoa yake. Siku ile alianza kwa kusema, "Haya nakwambia wewe tu, kwa kuwa unalala macho."

Mwalimu Mstaafu:
Mpigie leo, mwanangu. Mwambie yote. Kisha umsomee sura ya 5, hiyo uliyoandika mwenyewe, usikie itakavyopita kwenye sikio lake.

Mpita Njia 77:
Samahani natoka nje ya mada, usafiri wa Morogoro kwenda Pangani siku hizi mnapitia wapi?

Kalamu ya Pembeni (siku tatu baadaye):
Nimempigia. Nilipomaliza kueleza alinyamaza mpaka nikadhani salio limekata. Akasema, "Ya tatu toa." Nikamwambia shangazi, hiyo ndiyo mhariri kaipenda kuliko zote. Akasema, "Toa." Nimeitoa. Ya 1 na ya 2 amekubali, kwa sharti jina lake likae juu kwenye jalada pamoja na langu, jina la baba yake, la mume hataki.

Kisha akataka yangu. Nikamsomea sura ya 5 yote. Akauliza, "Huyo Mwanahawa anafanya kazi gani?" Nikasema hafanyi kazi, anawaza. "Tangu asubuhi? Na wewe hapo dukani unawaza tangu asubuhi?"

Nikaanza kumweleza siku yangu. Kwamba alikuja mzee na barua ya mwanawe ya kuomba kazi, kaiandika yeye kwa mkono, kwenye daftari la mistari. Nikawa nachapa, yeye kasimama nyuma yangu, ananusa ugoro. Nilipofika penye sentensi kwamba kijana aliwahi kufungwa miezi minane, akasema hiyo iruke. Nikairuka. Akalipa, akatoka. Akafika mlangoni pa muuza chips, akasimama pale muda, akarudi. "Irudishe ile." Nikamwambia mzee, kuchapa upya ni mia tano. Akasema, "Irudishe."

Shangazi akasema, "Eeh. Kisha?"

Nimekaa na mashine tangu saa mbili usiku. Nina ukurasa mmoja na nusu, na muuza chips nimemwacha humo humo na kelele zake. Mhariri nitamwandikia Jumatatu nimwambie sura za mwanzo zilikuwa za nani. Akiukataa mswada, sawa. Sina amani na huo uongo.

Nyuki Dume:
Mimi bado nasema chai.

Dereva wa Usiku:
Mkuu, yule kijana alipata kazi?